Chokaa ikiongezeka kwenye mishipa, usikimbilie kuacha dawa

Wagonjwa wengi wa moyo siku hizi hutoka hospitali na karatasi ya kipimo cha CT inayotaja kiasi cha chokaa kwenye mishipa ya moyo. Baadhi yao hupima tena baada ya mwaka au miwili, wakakuta namba imepanda. Hapo mtu aliyekuwa akimeza statini kila usiku ili kushusha lehemu huamua kwamba dawa haifanyi kazi, anaiacha.

Ni uamuzi wa hatari, na namba hiyo haumuungi mkono.

Mafuta yanapojikusanya ndani ya ukuta wa mshipa huleta uvimbe wa ndani kwa ndani. Mwili hujaribu kuuzingira kwa madini ya kalsiamu, ndiyo hiyo chokaa. Mwanzoni huwa ni punje ndogo mno ambazo CT haizioni, na ukuta wa mahali hapo ni dhaifu. Ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Muda ukipita, punje hushikana na kuwa kama jiwe. Jiwe hilo CT hulionyesha vizuri sana, lakini mara nyingi ni kovu la mahali palipokwisha kutulia. Statini husaidia kutuliza huko, ndiyo maana chokaa inaweza kuongezeka kwa anayeitumia huku hatari yake ya shambulio la moyo ikishuka.

Tatizo ni kujua ni wapi pametulia na ni wapi bado panachemka. Kipimo cha PET kimeanza kutoa mwanga. Mgonjwa huchomwa sindano yenye floraidi kidogo iliyotiwa mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Floraidi ni madini yale yale ya dawa ya meno, na ndiyo yanayotia meno rangi ya kahawia kwa wengi waliokulia kwenye maji ya Arusha. Hupenda kung'ang'ania kalsiamu, na ndani ya mshipa hushika zaidi punje changa kuliko jiwe kuukuu. Kamera huona panapong'aa.

Watafiti wa Edinburgh, Scotland, walichapisha matokeo yao mwaka 2014. Kati ya watu 40 waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo, kwa 37 mahali palipong'aa kuliko kwingine ndipo hasa palipoleta shambulio hilo. Utafiti mkubwa zaidi wa watu 704, uliotoka mwaka 2023, ulipunguza shamrashamra kidogo. Walipojumlisha vifo vya moyo, mashambulio na upasuaji wa dharura wa kuzibua mishipa, mng'ao haukutabiri lolote la maana. Walipoangalia vifo na mashambulio peke yake, uhusiano ulionekana.

Basi kwa sasa hiki ni chombo cha utafiti. Mashine za PET katika ukanda wetu ni chache na kazi yake kubwa ni saratani, na safu hii inaona ziendelee hivyo. Atakayekuambia ukauze shamba ili upigwe PET ya mishipa ya moyo, mwombe akueleze majibu yatabadilisha nini kwenye matibabu yako.

Kama statini inakuletea maumivu ya misuli, mweleze daktari wako, kwani dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa.

Na kwa wazazi: baba akipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama kabla ya 65, watoto wapimwe lehemu hata kama ni wembamba. Iko lehemu ya kurithi inayopanda tangu kuzaliwa, na mtoto haonyeshi dalili yoyote.