Bi Harusi wa Usangi, Uliza Sufu Kabla ya Rangi



Binti wa visiwani anayeolewa Usangi hafungashi sanduku kama anayeolewa Chake Chake. Usangi iko juu katika milima ya Upare Kaskazini, wilaya ya Mwanga, karibu na kilele cha Kindoroko chenye mita 2,113. Mwezi wa Juni na Julai baridi huingia mpaka chumbani. Kwa hiyo pamoja na kanga, madira na udi, sanduku hilo linahitaji sweta, shali na nguo za kufuma za mtoto atakayekuja, inshaallah. Maoni yetu ni kwamba tunapozinunua tunahangaika mno na rangi, tunasahau kuuliza sufu yenyewe.

Sufu ina madaraja. Hata kwa kondoo mmoja, manyoya ya mabegani na ubavuni huwa membamba na laini, ya mapajani ni mazito, na ya tumboni ni mafupi na machafu. Baada ya kukatwa hutenganishwa kwa unene, urefu, nguvu na usafi. Unene hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Sufu ya kondoo wa merino kwa kawaida haifiki mikroni 25. Nyuzi zinazozidi 30 zikiwa nyingi, ncha zake huchoma ngozi. Wengi wanaolalamika kuwa sufu inawawasha wamevaa daraja lisilofaa kugusa mwili.

Urefu nao una kazi yake. Nyuzi ndefu zikisokotwa hushikana. Zilizo fupi huchomoza, na baada ya kufuliwa mara chache sweta hujaa vidongedonge. Fundi awe hodari vipi, sindano zake haziwezi kurekebisha kilichoharibika kabla uzi haujasokotwa.

Daraja la chini lina mahali pake pia: mazulia, mablanketi, makoti mazito. Tatizo ni kulipeleka kwenye shingo ya mtoto mchanga.

Kondoo wetu wengi wa Tanzania wana nywele fupi na hufugwa kwa nyama. Sufu ya karibu hutoka nyanda za juu za Kenya, na mjini Nanyuki wapo wanawake wanaoisokota na kuifuma kwa mikono. Uzi mwingi tunaouita sufu madukani ni akriliki, uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli. Hatuukatazi, maana ni wa bei nafuu na hufulika kwa urahisi. Lakini ukishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, ilhali sufu huwaka kwa shida. Katika nyumba ambayo watoto huota moto karibu na mafiga, hilo si dogo.

Ukitaka kujua, choma kipande kifupi cha uzi juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Akriliki huacha kidonge kigumu. Usikiguse kabla hakijapoa. Kisha sugua donge la uzi shingoni kwa muda. Likikuwasha wewe, mtoto litamuwasha zaidi.

Sufu imetajwa miongoni mwa neema za Allah katika Surat An-Nahl, aya ya 80. Na tunajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkemea muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya kavu. Anayeuza akriliki kwa jina la sufu, au kuchanganya manyoya mazito ndani ya laini bila kusema, amefanya lilelile. Dada zetu mnaofuma na kuuza, semeni wazi uzi ni wa nini, na bei ifuate ukweli huo.

Kwa bi harusi, ushauri wetu ni kununua kidogo kilicho chema. Shali moja la mama mkwe na sweta moja la mtoto, vya uzi laini wa nyuzi ndefu, vinatosha. Vya kuvaa juu ya nguo nyingine vinaweza kuwa vya daraja la kawaida. Hivyo hutaingia katika israfu, wala hutapeleka zawadi itakayochanika au kukunjwa kabatini kabla ya baridi ya mwaka wa pili.

Allah azijaze nyumba zenu joto na mapenzi. Amin.