Tusiwapeleke wanafunzi mlimani na sweta za darasani

Msimu wa ziara za shule unapowadia katika sehemu zetu za Nyamache, mjadala katika chumba cha walimu huanza na kumalizika kwa jambo moja tu: basi. Ni basi la nani, litabeba wangapi, na kila mzazi atatozwa kiasi gani. Mavazi hayatajwi kabisa mpaka jioni ya mkesha wa safari, mwalimu wa zamu anapotangaza kwenye gwaride kwamba kila mmoja asisahau sweta. Kwa ziara ya Kisumu au ya Mombasa, utaratibu huo hauna madhara makubwa. Kwa ziara ya Mlima Kenya ni utaratibu wa hatari, nami nashikilia kwamba shule isiyokuwa tayari kuubadili ni heri isiende.

Sisemi haya kwa kuwa naupinga mlima. Kinyume chake, naona kwamba wanafunzi wetu wanauhitaji kuliko hoteli za pwani. Mwanafunzi wa Nyamache anaijua barafu kwa njia moja tu, nayo ni mvua ya mawe ambayo huyachana majani ya chai na kuwaachia wazazi hasara. Katika somo la jiografia hukariri jinsi mito ya barafu inavyochonga mabonde yenye umbo la herufi U, akachora na picha, bila ya kuwahi kuliona bonde lenyewe. Bonde la Teleki liko hapa hapa nchini. Tena muda hautungoji. Watafiti walioupima mto wa barafu wa Lewis, ulio mkubwa kuliko yote ya mlima huo, walikuta kwamba kati ya 1934 na 2010 ulipoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilionya kuwa barafu ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Wanafunzi tulio nao sasa wamo miongoni mwa watu wa mwisho watakaoiona.

Basi na waione, lakini kwanza tuangalie kalenda. Shule zetu hufunga mwezi wa Aprili, mwezi wa Agosti, na mwishoni mwa mwaka. Aprili ni kilele cha masika; mlima hujifunika mawingu, njia zikageuka matope, na theluji na mvua hunyesha kwa zamu. Miezi iliyo mikavu zaidi ni Januari na Februari, ambayo wanafunzi huwa darasani, na kipindi cha kuanzia Julai hadi Septemba. Kwa hiyo likizo ya Agosti ndiyo pekee inayoafikiana vyema na mlima. Hata hivyo ziara nyingi hupangwa Aprili, kwa sababu ambayo kila mwalimu anaijua: karo ya muhula wa kwanza ndiyo inayolipwa kwa ukamilifu zaidi, na fedha za ziara hukusanywa zikiwa bado zinapatikana.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuandamana na msafara wa shule moja ya upande wetu, ambayo sitaitaja, katika mwezi huo huo wa Aprili. Tulifika kituo cha Met Station, kwenye njia ya Naro Moru, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, saa kumi jioni. Mvua ilikuwa imetunyeshea njia nzima. Wanafunzi walikuwa wamevaa mashati ya pamba, sweta za shule na raba za turubai. Usiku ule hakuna aliyelala. Msichana mmoja wa kidato cha pili alitetemeka hadi akashindwa kushika kikombe cha chai, na alipoacha kutetemeka mwongozaji wetu alishtuka zaidi, kwa maana mwili unaoacha kutetemeka ilhali bado una baridi umeanza kushindwa. Alivuliwa nguo zote zilizolowa, akavikwa makoti ya wapagazi, akalazwa katikati ya wenzake. Alipona. Asubuhi tuliteremka bila ya kuona hata kilele kimoja, na wazazi wakaambiwa kwamba ziara ilifana.

Kosa halikuwa la mvua. Pamba ikishalowa huyashika maji na kuuibia mwili joto; sufu na nailoni hazifanyi hivyo kwa kiasi hicho. Hewa nayo hupoa kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita elfu moja unazopanda. Mwanafunzi aliyezoea asubuhi za Nyamache zenye nyuzi kumi na kitu anapofika karibu na Point Lenana, kilele chenye mita 4,985, amekwisha kuingia chini ya kiwango cha maji kuganda, na upepo haujahesabiwa.

Naambiwa kwamba mavazi ya theluji ni ya matajiri. Jibu langu ni kwamba msemaji aende soko la Daraja Mbili mjini Kisii siku ya kufunguliwa kwa marobota ya mitumba. Makoti ambayo watu wa Ulaya na Marekani huyavaa katika mchezo wa skii, yaani kuteleza thelujini kwa mbao, hufika hapa kwa wingi, na huuzwa mara nyingi kwa bei iliyo chini ya sweta jipya la shule, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida huyaona mazito mno. Ni rahisi kuyatambua. Koti la skii huwa na kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto, cha kuwekea tiketi ya kupandishwa mlimani kwa mitambo, na ndani yake, usawa wa kiuno, pana kitambaa chenye mpira wa kuvutika kinachozuia theluji isipenye mtu akianguka. Nimewahi kununua moja ambalo zipu yake ilikuwa bado inaning'inia tiketi ya mwenyewe wa kwanza.

Mwalimu anayenunua asome kibandiko cha ndani. Tarakimu kama 5,000 au 10,000 humaanisha urefu wa safu ya maji, kwa milimita, ambao kitambaa kinaweza kuuhimili kabla ya kuvuja. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo bora. Ajaribu zipu mara kadhaa na atazame mishono ya mabegani. Koti lililojazwa manyoya ya bata ni tamu kwa baridi kavu, lakini likilowa hujikunja likawa kama kitambaa kitupu, kwa hiyo kwa mlima wetu wenye mvua lililojazwa nyuzi za viwandani ni salama zaidi. Viatu vya skii, vile vigumu vya plastiki, aviache huko huko; vimetengenezwa kufungwa kwenye mbao wala si kutembelewa. Ndani ya koti mwanafunzi avae sweta la sufu, na ndani ya sweta fulana isiyo ya pamba, kama zile za kuchezea kandanda. Tena kuna kifaa ambacho Nyamache haikosi hata mara moja: gambuti za kuchumia chai. Juu ya Met Station kuna kinamasi kinachopanda mteremko kwa mwendo mrefu, na hapo gambuti inakishinda kiatu cha ngozi cha bei yoyote ile.

Wapo pia wanaosema kwamba Mwafrika ni mvumilivu, wala hahitaji mizigo yote hiyo. Hawa ningewakumbusha habari za Philip Boit, mwanariadha wa mbio za mita 800 aliyetoka Bonde la Ufa, ambaye mwaka 1996 alipelekwa Ufini kujifunza skii, na mwaka 1998 akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za majira ya baridi, mjini Nagano, Japani. Katika kilomita 10 alimaliza wa 92, nyuma ya wote, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norwe akabaki kwenye mstari akimngoja ili amkumbatie. Wengi hukumbuka kumbatio lile wakasahau miaka miwili ya mafunzo iliyolitangulia. Uvumilivu Boit alikuwa nao kabla ya kuondoka nyumbani. Aliloendea Ufini ni ujuzi wa theluji na wa vifaa vyake, mpaka namna ya kuchagua nta ya kupaka chini ya mbao kulingana na ubaridi wa theluji ya siku hiyo.

Hoja iliyosalia ni ya mahali pa kuishia. Walimu wengi hutaka picha ya kundi zima likiwa Point Lenana. Mimi naona tamaa hiyo haiwafai wanafunzi. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza kwenye mita 2,500, hauchagui mnene wala mwembamba, na kanuni ya wapanda milima ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale kila usiku zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Sheria hairuhusu magari ya shule kusafiri usiku, hivyo siku ya kwanza yote huishia barabarani, kupitia Kericho, Nakuru na Nyahururu. Kundi lililo na siku nne au tano haliwezi kwenda Lenana na kurudi kwa kufuata kanuni hiyo. Lilale Met Station usiku mbili. Siku ya katikati wapande na mwongozaji hadi ukingo wa Bonde la Teleki, wavione Batian na Nelion na barafu iliyobaki kati yao, kisha wateremke. Anayeumwa kichwa na kutapika asipewe dawa ya maumivu ili aendelee kupanda. Ateremshwe mara moja, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti wa bodi.

Kuhusu gharama, pendekezo langu ni kwamba makoti yawe mali ya shule. Shule tatu au nne jirani zikichanga, zinaweza kununua makoti arobaini kidogo kidogo kuanzia Januari, kila siku ya soko, zikayafua na kuyahifadhi penye sare za bendi. Kila shule iyaazime kwa zamu katika likizo ya Agosti. Yule mfanyabiashara wa mitumba ninayemwendea amekubali kuniwekea kando kila koti lenye kimfuko cha mkono wa kushoto, na hadi sasa ninayo saba.