Burudani za Nyumbani: Karatasi Mbili za Filamu

Ndugu wasomaji, askari wetu pamoja na jamaa zenu, juma hili tuzungumze juu ya kupiga picha za mandhari kwa kamera kubwa za filamu. Huenda baadhi yenu mkauliza: kuna haja gani ya kubeba mzigo huo, ilhali simu ya mfukoni hupiga picha nyingi kwa dakika moja? Swali hilo ni la haki, na jibu lake nililipata kwa uchungu.

Asimamaye Mutanga Nord akaelekea magharibi huuona mji wa Bujumbura umetandazwa chini yake, kisha Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Asubuhi moja ya mwaka 2019, baada ya mvua ya usiku, nilisimamisha hapo kamera yangu juu ya stendi ya miguu mitatu. Majira ya mvua ndiyo bora, kwa kuwa mvua huosha hewa. Mwezi wa Julai na Agosti vumbi na moshi huificha milima. Asubuhi nayo hushinda jioni, kwani jua huwa mgongoni mwa mpiga picha, likiangaza yote yaliyo mbele yake.

Kamera hiyo hutumia karatasi ya filamu ya inchi 4 kwa 5, ambayo eneo lake ni takriban mara 15 ya picha ya filamu ya milimita 35. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, akatazama kioo cha nyuma, na humo huyaona mandhari yamepinduka juu chini. Kisha huingiza karatasi moja na kupiga mara moja tu. Asiyeimudu kamera hiyo na aanze na filamu ya namba 120, ambayo hutoa picha 12 za mraba wa sentimita 6.

Siku hiyo nilipiga picha mbili: moja ya ufukwe wa mji, nyingine ya upande wa Gatumba. Lakini haraka haina baraka. Sikuitia alama karatasi ya pili, nami nikaiingiza tena kamerani nilipompiga picha mwanangu.

Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalifurika yakafunika nyumba nyingi za Gatumba. Ziwa nalo likapanda ufukweni. Ndipo majirani wawili waliponijia. Wa kwanza, askari mstaafu, alitaka kuona mahali ilipokuwa nyumba ya dada yake karibu na ziwa. Picha alizozipiga kwa simu kutoka mlimani, zilipokuzwa, zilikuwa ukungu mtupu. Nilipoiweka karatasi yangu chini ya kioo cha kukuzia, tuliliona paa, dogo kama punje ya ulezi. Mzee yule alivua kofia.

Wa pili alikuwa mama mjane aliyehama Gatumba. Nilimwonyesha karatasi ya pili: uso wa mwanangu umeufunika uwanda wote. Aliitazama kitambo, akasema, "Mtoto wako ni mzuri, baba." Kisha akaaga.

Basi, ndugu wasomaji, shikeni haya. Kila karatasi iliyotumika itieni alama papo hapo, kama vile askari ahesabuvyo risasi zake. Filamu zilizosafishwa zihifadhini katika bahasha za karatasi, mahali pakavu penye ubaridi, kwani unyevu huzikuzia ukungu. Andikeni tarehe na mahali juu ya kila bahasha. Wala msielekeze kamera kwenye kambi au madaraja bila idhini. Wenyewe mnajua sababu.

Mandhari huonekana kama hayatabadilika kamwe, nasi huahirisha kuyapiga picha. Ziwa haliahirishi.