Siyo kila kinachouma kinenani ni ngiri!

Wiki hii naomba tuongelee nyonga. Najua kuna watakaocheka, maana gazetini ukitaja nyonga watu wanafikiria kukata mauno tu. Tulieni kwanza.

Nilikuwa kwenye basi kutoka Mbeya kwenda Iringa na mshikaji wangu mmoja, tuliyecheza naye chandimu tangu shule ya msingi kule Uyole. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 300, na viti vya basi lile, jamani, magoti yanakaribia kugusa kidevu. Mbele kidogo ya Igawa likasimama, watu wakashuka kuchimba dawa. Wote wakarudi, jamaa yangu bado yuko kwenye ngazi anajivuta, mkono kaung'ang'aniza kwenye nyonga, kidole gumba nyuma, vidole vingine mbele kinenani.

"Oya mchimba dawa, unatuchelewesha!" konda akapiga kelele.

Mama mmoja wa kiti cha mbele akamwonea huruma. "Pole mwanangu. Hiyo ni ngiri hiyo."

"Ahsante mama," jamaa akajibu, akakaa kwa upande upande.

Na yeye ndivyo alivyoamini. Mwaka mzima na nusu amekunywa mizizi ya ngiri, chungu kama shubiri, chupa baada ya chupa. Akipumzika maumivu yanapoa, akirudi uwanjani yanarudi. Wengine mtaani walishasema ametegewa kitu golini, eti timu pinzani ina mtu wao.

Sasa ngiri yenyewe ni utumbo, au mafuta ya tumboni, kupenya kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, na mara nyingi unaona kivimbe kinachotokeza mtu akikohoa au akinyanyua mzigo. Jamaa hakuwa na kivimbe chochote. Yeye kilichomuuma ni kukunja mguu: kuchuchumaa chooni, kufunga kamba za viatu, kukaa muda mrefu halafu kuinuka. Hapo ndipo dada yake wa Kihesa alipomburuta kwa daktari wa mifupa. Daktari akamlaza chali, akamkunja goti kuja kifuani, akalipeleka upande wa mguu wa pili huku akiusukuma unyayo kwa nje. Jamaa alipiga yowe, nikalisikia nikiwa kwenye benchi nje.

Nyonga ni kama kinu na mchi. Kichwa cha fupa la paja ni duara, kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Vyote viwili vimepakwa gegedu, ile nyeupe inayoteleza unayoiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Mdomoni mwa kikombe kuna pete nyingine ya gegedu gumu, inaitwa labramu, kazi yake ni kama oili sili ya gari: inabana ute usitoke na kichwa kisichezecheze.

Sasa chukua mchi wenye nundu shingoni. Ukiuzungusha katikati hakuna neno, ila ukiulaza sana, nundu inagonga mdomo wa kinu. Ndicho kinachotokea kwa watu ambao shingo ya fupa la paja ina nundu. Kila akikunja mguu na kuugeuza kwa ndani, nundu inajipenyeza kikombeni na kulisukuma gegedu, linabanduka pembeni kama kapeti la plastiki unalolisukuma kwa mguu. Wengine shingo yao ni nzuri ila kikombe ndicho kimezidi kina, basi ile pete inabanwa kama kidole mlangoni. Na wapo wenye vyote viwili. Madaktari wa mjini Bern, Uswisi, wakiongozwa na Reinhold Ganz, ndio walioeleza vizuri mwaka 2003 jinsi kubanwa huku kunavyoweza kuimaliza nyonga kabla ya uzee.

Hiyo nundu inatoka wapi? Kwa wengi inajijenga utotoni, wakati mfupa bado unarefuka, hasa kwa vijana wanaocheza sana mpira na michezo ya kukimbia na kugeuka ghafla. Nikawaza chandimu zetu za kutwa nzima! Lakini msiwafungie watoto ndani, maana wengi wana nundu kwenye picha ya eksirei na hawaumwi hata siku moja. Picha peke yake haimhukumu mtu.

Kinachonitisha mimi ni gegedu. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo likilika halijiotei upya kama ngozi. Tena halina mishipa ya fahamu, linalika kimyakimya. Ile pete ndiyo inayopiga kelele, na ukiinyamazisha kwa vidonge halafu ukaingia uwanjani, unaendelea kusaga usichokisikia. Mwanamuziki Lady Gaga alikuwa anaficha maumivu jukwaani, na Februari 2013 akafuta ziara yake kwa sababu ya pete ya nyonga ya kulia kuchanika, akafanyiwa upasuaji.

Siyo kila mtu akatwe, lakini. Uingereza walifuatilia wagonjwa 348, nusu upasuaji wa tundu dogo, nusu mazoezi ya tiba, wakatoa matokeo mwaka 2018: makundi yote yalipata nafuu, la upasuaji likizidi kidogo. Jamaa yangu amepewa mazoezi ya kuimarisha makalio na tumbo, asichuchumae chini kabisa, na aache mtindo wa kocha wetu wa mtaani wa kumkalia mtu mgongoni eti anyooke.

Wazazi nao wanisikilize. Mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamika goti, aangaliwe na nyonga siku hiyo hiyo. Kichwa cha fupa kinaweza kuwa kimeteleza kwenye shingo yake, maumivu yakasikika gotini, na hiyo ni dharura. Wenye selimundu nao wasichezee maumivu ya nyonga, kwao damu inaweza kushindwa kukifikia kichwa cha fupa.

Juzi nilimpitia mshikaji Uyole. Sasa ni refa wa chandimu za watoto, anasema mwezi ujao atajaribu dakika ishirini uwanjani. Chupa ya mwisho ya mizizi ipo dirishani, ameifanya ya mafuta ya taa. Tukutane wiki ijayo.