Trela Nzito Yataka Gari Gani?

Mkulima wa Narok atakaye gari la kuvutia trela huuliza kwanza nguvu za injini. Si swali baya, lakini lina mahali pake. Injini ikizidiwa mlimani, gari husimama. Breki zikizidiwa mteremkoni, gari halisimami, na hapo hupotea mali na roho za watu. Wanaoteremka na mizigo kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, kwa ile barabara iliyojengwa na mateka wa vita wa Kitaliani, hawahitaji kuambiwa hayo.

Natuchukue magunia 36 ya mbolea, kila moja kilo 50. Hizo ni kilo 1,800. Trela tupu ikiwa na kilo 600, jumla ni 2,400. Pikapu nyingi haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 ikiwa trela haina breki zake yenyewe. Jambo hilo limeandikwa katika kitabu cha gari, ambacho wengi hukitia chini ya kiti wasikifungue kamwe. Basi mzigo huu wataka trela yenye breki, na gari lililoruhusiwa kuvuta tani 2 na nusu au zaidi. Tena gari lisiwe jepesi, maana jepesi husukumwa na trela. Mzigo upangwe hata kadiri ya sehemu ya kumi ya uzito iegemee gari. Ukilundikwa nyuma, trela huyumba.

Katika matairi ndimo watu wanamopunjika zaidi. Hutazama meno, wakaridhika. Ubavuni mwa tairi pameandikwa alama ya uzito: 91 maana yake kilo 615, na 121 ni kilo 1,450. Trela yetu ikiwa na magurudumu mawili, kila moja litabeba kilo 1,080 hivi. Tairi la gari dogo, lenye 91, litapasuka hata likiwa jipya. Zitazamwe pia tarakimu nne za mwisho: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi ghalani huweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokwisha kuchakaa.

Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kuwa tairi lililolegea hupata moto upesi. Na gia ndogo iingizwe kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake.