"Nirushie apu" sasa itaombewa kitambulisho

NENO LA JUMAMOSI
Na Mutiso wa Masinga

Soko la Ekalakala, upande wa wauza ndengu, pana kibanda cha fundi wa simu kisichokosa foleni. Juzi mama mmoja alimkabidhi simu pamoja na noti ya hamsini. "Mwaitu, nikuwekee nini?" "Ile ya nyimbo za kanisa, aliyo nayo dada yangu hapa." Fundi hakugusa intaneti. Alilaza simu mbili ubavu kwa ubavu, akafungua Xender, akarusha. Kioo kikatoa onyo kwamba apu hiyo haitambuliki. Akalifuta kwa kidole gumba huku akiongea na mteja mwingine.

Hivyo ndivyo apu nyingi zinavyotufikia huku. Bando ni ghali, na jirani tayari anayo.

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba njia hii nayo itawekewa mlinzi. Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand zinatangulia Septemba 2026, kwingineko ni kuanzia 2027: simu za Android zilizoidhinishwa na kampuni hiyo zitapokea tu apu za watengenezaji waliojiandikisha kwake kwa majina halisi, hata kama apu haikupitia duka lake la Play. Kelele zilipozidi, ikasema wajuzi wataachiwa kichochoro. Mama wa noti ya hamsini simhesabu humo.

Sababu yao ni usalama, na siidharau. Mnazikumbuka apu za mikopo? Kuna alfajiri niliamshwa na sauti nisiyoijua ikiniagiza nimwambie binamu yangu alipe elfu mbili. Sikuwa mdhamini wake. Namba yangu tu ilikuwa kwenye simu yake. Machi 2022 Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Lakini kilichozitikisa apu hizo ni Google kudai uthibitisho wa leseni ya Benki Kuu kufikia Januari 31, 2023, la sivyo zing'olewe dukani. Nilishangilia kama wengine. Leo najiona nilishangilia upesi mno: sheria ya Kenya ilikuwa imeazima meno California, na mwenye meno hakutuahidi kwamba kesho atamng'ata tunayemtaka sisi.

Tena lile ni duka lake. Hata huko dukani, Desemba 2023, baraza la mahakama jijini San Francisco lilikubaliana na kampuni ya michezo ya Epic kwamba Google imejijengea ukiritimba haramu. Kibanda cha fundi wa Ekalakala si tawi la duka hilo. Na simu ya mama imeunganishwa Athi River, Machakos hii hii, katika kiwanda kilichofunguliwa Oktoba 2023. Alitoa Sh7,499 taslimu, hadaiwi na mtu. Sasa anayemchagulia kitakachoingia humo amelipa ngapi?

Ada ya kujiandikisha ni dola 25, kama Sh3,200 hivi. Wanafunzi wameahidiwa akaunti ya bure, ila apu zao ziishie kwenye vifaa vichache. Hayo yanavumilika kwa aliye hai na anayejali. Linaloniuma ni ile apu ya nyimbo. Hakuna hapa sokoni anayejua nani aliitengeneza. Pengine ni mwanakwaya aliyewahi kusomea kompyuta, kisha akaenda kutafuta riziki kwingine. Nani atamsaka akajiandikishe?

Umoja wa Ulaya una sheria inayowabana wenye malango haya. Sisi tuna Mamlaka ya Ushindani, yenye uwezo wa kuwaita wakubwa na kuwauliza maswali. Ningependa kusikia imeuliza hata moja kabla ya 2027.

Nilimweleza fundi habari hizi akiwa amekodolea macho kioo kilichopasuka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kazi itaongezeka," akasema. "Basi itakuwa mia."