Siku ya Kupanda Miti na Ardhi ya Mji Wetu

Kila mwaka mvua zinapoanza vikundi vyetu vya parokia huandaa siku ya kupanda miti. Tunaimba, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Kiangazi kikifika miche mingi hukauka, kwa kuwa hakuna aliyepewa zamu ya kuimwagilia. Hatuidharau siku hiyo. Sisi wenyewe tumeishiriki. Lakini tunaona imetuzoeza kuutazama mti na kusahau kuuliza ardhi ya mji inagawiwaje, na kwa faida ya nani.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Tanuru la kuyeyushia madini lilianza kazi mwaka 1911, na pepo za kusini-mashariki zikausukuma moshi wake kaskazini-magharibi. Wazungu walijenga makao yao nje ya njia ya moshi huo. Kisha, katika miaka ya 1920, waliacha ukanda mtupu kati yao na makao ya Waafrika, Kamalondo ya leo, wakitaja afya kuwa sababu. Ardhi nzuri ikakaa bure kwa ajili ya ubaguzi, na nyingine ikabebeshwa vumbi la metali. Huko Penga Penga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipotaka kuotesha miti, walilazimika kwanza kuutengeneza udongo wenyewe kwa mboji na chokaa.

Leo wanaoupanua mji ni sisi. Kila mmoja anaota kiwanja chake huko Annexe, chenye ukuta wake na kisima chake. Mji unatambaa, msitu wa miombo unarudi nyuma. Umeme ukikatika, sufuria hurudi kwenye makala, na makala ni msitu ule ule. Mama anayeyauza sokoni hatumlaumu, maana ndiyo karo ya watoto wake. Wa kuulizwa ni wale wanaogawa viwanja hadi kwenye mabonde ya mito, na wale wanaoamua umeme uende wapi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, alitaka wakaaji wasikilizwe mji unapopangwa. Nasi ni wakaaji.

Tuanzie nyumbani. Parokia nyingi zina uwanja mpana, na hapakosi mtu wa kupendekeza umwagiwe saruji wote, au ukodishwe uwe ghala. Hoja ya mapato ina uzito: paa la kanisa halitengenezwi kwa sala peke yake. Hata hivyo uwanja huo huo waweza kuwa kivuli cha katekisimu, bustani ya lengalenga, na mahali pa maji ya mvua kuzama badala ya kuwateremkia majirani. Tunaomba kila kikundi kilipeleke jambo hili kwenye baraza la parokia kabla ya mvua za Novemba. Na mwaka huu usipandwe mche wowote kabla ya kuandikwa jina la atakayeumwagilia hadi Oktoba ijayo.